Nyumba Ikiwaka na Gari la Zimamoto Liko Mbali

Swali linalorudi kutoka Tunduma, Mlowo, Kamsamba na Itumba ni lile lile, hata kama kila mmoja analiuliza kwa maneno yake: nyumba ya jirani imeshika moto, simu tumepiga, gari bado liko njiani. Sisi wenye ndoo na majembe tufanye nini? Wapo pia vijana walioshaunda kikundi cha kujitolea mtaani na hawajui waanzie wapi.

Jibu lenyewe ni hili. Kikundi cha mtaa hakipo ili kushindana na moto uliokwisha kutawala nyumba. Kipo kwa mambo matatu, na mpangilio wake usibadilishwe: kutoa watu nje na kuwahesabu, kuzuia moto usivuke kwenda nyumba ya pili, kuzuia umati usizae maafa mengine. Nyumba ambayo paa lote linawaka mara nyingi imeshapotea. Ya jirani bado ipo, na hiyo ndiyo ya kupigania.

"Lakini hiyo si kazi ya serikali?"

Ni kazi ya serikali, na msiache kuidai. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina sheria yake ya mwaka 2007, liko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na namba yake ya dharura ni 114. Ila utazame mkoa wetu ulivyokaa. Tangu Songwe imegwe kutoka Mbeya mwaka 2016, makao makuu ni Vwawa. Barabara ya kutoka Mlowo hadi Kamsamba inapita kilomita 100. Anayetoka Vwawa kwenda Mkwajuni kwa kawaida hupitia Mbalizi, mkoa mwingine. Tunduma iko juu ya barabara kuu, lakini siku foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde ikijaa, hata gari lenye king'ora hupita kwa shida.

Moto wa nyumba huamuliwa ndani ya dakika kumi za mwanzo, na katika dakika hizo anayekuwepo ni jirani. Ndivyo ilivyo hata kwa nchi zenye uwezo kuliko sisi. Ujerumani, sehemu kubwa ya wazimamoto ni raia wa kujitolea. Chile, wazimamoto hawalipwi mshahara, na utaratibu huo umedumu tangu kikosi cha kwanza kilipoanzishwa mjini Valparaíso mwaka 1851.

Msijianzishe kienyeji, hata hivyo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka kuwe na kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Kikundi chenu kiwe chini ya kamati hiyo, majina yawe kwa mtendaji na kwa mwenyekiti, na ombeni mafunzo kwa kamanda wa zimamoto wa mkoa kwa barua. Kikundi kisichojulikana, kikionekana usiku kinavunja mlango wa mtu, kitaitwa kikundi cha wezi.

Vifaa na watu, kabla ya siku yenyewe

Msisubiri mfadhili. Vitu vingi viko majumbani; kinachokosekana ni orodha ya nani ana nini.

- Ndoo na madumu yaliyokatwa juu, yasiyopungua 20 kwa mtaa.
- Filimbi tatu au nne. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, lakini kubalianeni mlio wa moto ni upi, usichanganywe na wa mwizi.
- Mtaimbo, shoka, panga, makoleo, ngazi moja imara, na upondo mrefu wenye ndoano ya chuma kichwani wa kuvutia nyasi na mabati.
- Mablanketi mazito ya pamba au sufu, na magunia ya katani. Viroba vya plastiki havifai, huyeyuka.
- Tochi. Umeme utakuwa umezimwa.

Sasa mavazi, jambo linalodharauliwa kuliko yote. Vijana wengi hukimbilia moto wakiwa na jezi za mpira na kandambili. Kitambaa cha jezi kikipata joto huyeyuka na kuganda kwenye ngozi, na daktari atalazimika kukibandua. Vaa suruali ya jinsi, shati zito la pamba la mikono mirefu, na viatu vya kufunika mguu. Misumari ya mabati huwa imetapakaa chini.

Gawaneni kazi kabla. Mmoja ni kiongozi, na wakati wa moto yeye hashiki ndoo: anatazama, anaamuru, anahesabu watu wake. Mmoja ni wa simu. Wawili ni wa kuhesabu familia. Mwenye bodaboda ni wa kulipokea gari barabarani. Waliobaki ni wa maji na wa kuzuia umati. Muwe pia na ramani, hata ya kuchorwa kwenye daftari: visima viko wapi, nani ana simtanki, vichochoro gani gari halipiti, mzee asiyeweza kutembea analala chumba gani, na duka lipi linauza petroli kwenye madumu. Hilo la mwisho wote mnalijua ila hamlisemi. Liandikeni.

Dakika kumi za kwanza

1. *Filimbi na yowe.* Waamsheni kwanza wa nyumba inayowaka, kisha wa nyumba zilizo upande ambao upepo unaelekea.

2. *Piga 114.* Simu hiyo ni ya bure. Taja mkoa na wilaya kwanza, kisha kijiji au mtaa, kisha alama inayoonekana: shule, kanisa, msikiti, kituo cha mafuta. Sema kinachoungua ni nini, kama kuna watu ndani, na njia inayopitika kwa gari kubwa. Usikate kabla aliyepokea hajamaliza kukuuliza. Usidhani mwingine ameshapiga. Watu 50 wakidhani hivyo, hakuna aliyepiga.

3. *Tuma bodaboda* hadi njia panda ya barabara kuu, taa zikiwaka, ikae hapo hapo mpaka gari lifike.

4. *Hesabu watu kwa majina.* Mkalishe baba au mama wa nyumba mahali pamoja, muulize: nani walilala humu leo? Yuko wapi kila mmoja? Wapo watu waliofia ndani wakimtafuta mtoto ambaye alikuwa amelala kwa shangazi yake.

5. *Umeme.* Kama meinswichi inafikika pakavu na pasipo moshi, izime. Kama haifikiki, wapigieni TANESCO na msimwage maji penye waya. Waya ulioanguka chini usiguswe wala kurukwa, hata kama mtaa mzima uko gizani.

6. *Mtungi wa gesi.* Serikali imeweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na mitungi imeshafika hadi vijijini. Kama moto bado haujaufikia, funga koki kwa kuizungusha upande wa mishale ya saa, utoe mtungi nje ukiwa umesimama. Kama miali imeshaanza kuulamba, usiusogelee. Rudisheni watu wote nyuma ya kuta za nyumba nyingine.

Nani aingie ndani?

Hapa najua nitapingwa, maana kwetu anayeingia motoni huitwa shujaa. Msimamo wangu ni kwamba karibu hakuna mtu wa kikundi cha mtaa anayepaswa kuingia kwenye nyumba iliyojaa moshi.

Moshi huua wengi kuliko miali. Godoro na sofa za sponji zikiungua hutoa gesi ya sumu, na mikupuo michache inatosha kukulegeza magoti. Kitambaa kilicholoweshwa maji puani hupunguza masizi na joto kidogo. Gesi ya kaboni monoksaidi hakiizuii hata kidogo. Watu wengi huingia wakiamini kitambaa hicho kinawalinda, kisha hawatoki.

Jifunzeni kuusoma moto mkiwa nje. Moshi mzito wa rangi ya kahawia au mweusi unaosukumwa kwa nguvu kupitia upenuni, ukitoka na kurudi kama unapumua, maana yake chumba kinakaribia kulipuka chote kwa mara moja. Gusa mlango kwa mgongo wa kiganja. Ukiwa wa moto, usiufungue. Kumbuka pia kwamba kila mlango na dirisha mnalolifungua bila sababu linaupa moto hewa.

Msaada wa kweli kwa aliyenasa hupita dirishani na ukutani:

- Mwiteni kwa jina. Mwambieni afunge mlango wa chumba, azibe chini yake kwa nguo, alale chini, aje dirishani.
- Nyumba zetu nyingi zina nondo madirishani. Badala ya kupoteza muda kuzikata, vunjeni ukuta chini ya dirisha kwa mtaimbo, mkianzia kwenye kona ya fremu. Tofali za udongo hutoka upesi, na tundu la kupitisha mabega linatosha.
- Wanaovunja wawe wawili tu, na wa tatu nyuma yao akitazama paa na ukuta.

Wenye shule za bweni mnisikilize zaidi. Shauritanga, mkoani Kilimanjaro, Juni 1994, wasichana zaidi ya 40 waliungulia bwenini. Idodi, mkoani Iringa, Agosti 2009, walikufa wanafunzi 12. Bweni liwe na milango miwili inayofunguka bila kutafuta ufunguo, na angalau dirisha moja kila upande lisilo na nondo za kudumu. Mkuu wa shule anayehofia wanafunzi kutoroka aongeze mlinzi nje, asifunge kufuli usiku.

Maji kidogo yatumike vipi

Mstari wa ndoo hufanya kazi ukipangwa, na huwa fujo usipopangwa. Simameni mistari miwili inayotazamana kutoka kisimani hadi penye kazi. Mmoja unapeleka zilizojaa, mwingine unarudisha tupu. Ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 20, na baada ya ndoo kumi mikono ya mpokezaji imekufa, jazeni nusu. Anayerusha mbele abadilishwe kila baada ya dakika chache, kwa sababu joto humchosha kabla hajalitambua. Alenge kitu chenyewe kinachoungua, chini ya miali. Maji yanayorushwa hewani hugeuka mvuke bure.

Kisha amueni maji yaende wapi. Kama ni moto mdogo, jiko au kitanda kimoja, yamalizieni hapo. Kama paa limeshashika, acheni. Pelekeni maji yote nyumba ya pili.

*Nyumba ya pili ikiwa ya nyasi,* kama zilivyo nyingi huko Momba bondeni: lowesheni paa upande unaotazama moto, tandazeni magunia na mablanketi mabichi juu yake, na wekeni watu wenye matawi mabichi wapige kila cheche inayotua. Anayepanda ngazi asimame kwenye ngazi, asikanyage paa.

*Ikiwa ya bati,* msidhani iko salama. Cheche huingia upenuni na kushika papi, au mahindi na mabua yaliyohifadhiwa darini. Ondoeni kuni, mkaa na magunia yaliyoegemea ukuta, kisha lowesheni upenu.

*Penye banda, uzio wa mabua au jiko la nje la nyasi katikati ya nyumba mbili,* bomoeni mburute mbali. Hapa ndipo ugomvi huzuka, kwa sababu mwenye banda atasema moto haujamfikia. Azimieni kwenye mkutano wa mtaa, na iandikwe kwenye muhtasari, kwamba siku ya moto kiongozi wa kikundi ana ruhusa ya kubomoa banda, na mtaa utasaidia kulijenga upya.

Makosa yanayorudiwa

- Kumwaga maji kwenye mafuta ya kupikia au petroli inayowaka. Mafuta huelea na kusambaa yakiwa yanawaka. Tumia mchanga, sufuria ifunike kwa mfuniko au blanketi bichi lililokamuliwa.
- Kupanda juu ya bati kurushia maji. Chini yake kenchi zinaungua na hutaona zinapokatika.
- Kusimama karibu na ukuta. Ukuta wa tofali mbichi ukipata joto kisha maji, hulegea na kuanguka mzima. Kaa umbali unaozidi urefu wake.
- Kurudi kuokoa vyombo. Godoro, pikipiki na runinga vimeua watu wazima wenye akili zao.
- Kupigana na moto wa ghala la pembejeo. Mbolea ya CAN hulisha moto hewa, na moshi wake ni sumu. Viuatilifu hali kadhalika. Simameni upande upepo unakotoka, lindeni majirani, subirini zimamoto.

Lori la mafuta: sheria ni moja tu

Sehemu hii naomba isomwe kwa sauti kwenye mkutano. Kila siku malori yenye matanki ya mafuta hupita Tunduma kwenda Zambia na Kongo, na mengine husimama kwenye foleni yakipakana na vibanda vya chips, majiko ya mama lishe na nyumba za watu. Lori la mafuta likipinduka au likivuja, kazi ya kikundi ni kuwaondoa watu. Hakuna nyingine.

Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, watu walikwenda na madumu kuchota petroli kwenye lori lililopinduka. Lililipuka, na waliofariki walizidi 100. Sachangwan nchini Kenya, Januari 31, 2009, ilikuwa vilevile, na waliokufa walipita 100. Sange, Kivu Kusini, Julai 2010, walikufa zaidi ya 200, wengi wao wakiwa hawakugusa hata tone. Walikuwa ndani ya vibanda jirani.

"Lakini mafuta yameshamwagika, yatapotea bure." Hilo ndilo neno la kila mahali, na ndilo lililojaza makaburi hayo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, huingia mitaroni, hufuata mteremko, na hauonekani. Haumhitaji mtu mwenye kiberiti hapo kwenye lori; jiko la mkaa lililo mtaa wa chini linatosha.

Fanyeni hivi:

- Filimbi, kisha watu waelekee upande upepo unakotoka na kupanda mlima, kamwe si bondeni.
- Majiko, sigara na jenereta zote zizimwe. Pikipiki zisukumwe kwa mkono, zisiwashwe.
- Fungeni barabara pande zote mbili na wapigieni polisi 112 pamoja na zimamoto 114.
- Tanki likiwa linawaka, umbali unaoshauriwa kwenye miongozo ya dharura ya Marekani ya Kaskazini ni mita 800 kila upande. Ndani ya Tunduma hiyo ni mitaa kadhaa. Msione haya kuihamisha yote.
- Anayekuja na dumu azuiwe na watu wa mtaa wake mwenyewe, kwa jina lake. Mgeni hatamsikiliza.

Aliyeungua

Nguo ikimwakia mtu, mwangushe chini, mbiringishe, mfunike kwa blanketi. Kisha maji: safi, ya baridi ya kawaida, yakitiririka juu ya jeraha kwa dakika 20. Barafu hapana. Vua pete, saa na mkanda kabla hajavimba. Nguo iliyogandia ngozini iache. Mfunike kwa kitambaa safi na mkimbize kituo cha afya, Hospitali ya Mji wa Tunduma, au ya Rufaa ya Mkoa pale Vwawa.

Dawa ya meno, asali, mafuta, yai, unga na majivu, hapana kwa vyote. Malengelenge yasipasuliwe. Na mtu aliyevuta moshi akakohoa masizi, au nywele za puani zimeungua, apelekwe hata kama anasema yuko sawa. Koo hufunga baadaye.

Zimamoto wakifika

Amri inahamia kwao papo hapo. Kiongozi wenu awaambie mambo manne kwa sauti moja: nani hajapatikana, umeme umezimwa au bado, kuna gesi au petroli wapi, na maji ya karibu yako wapi. Halafu rudisheni umati nyuma na muondoe magari njiani.

Kuhusu lawama kwamba wamekuja bila maji, piga hesabu mwenyewe. Gari lenye lita 5,000, mpira mmoja ukitoa lita 500 kwa dakika, linakauka ndani ya dakika 10. Likiondoka linakwenda kujaza. Kulirushia mawe, kama inavyotokea mahali pengi, ni kuchelewesha maji ya nyumba yenu wenyewe. Kikundi kinachojua kisima kirefu au bwawa ambalo gari linaweza kufika kinaokoa zaidi ya kikundi chenye ndoo mia.

Usiku wa kuamkia kesho yake

Wekeni zamu mpaka asubuhi. Magunia ya mahindi na mkaa hufukuta chini kwa chini na kuwaka tena watu wakiwa wamelala. Zamu hiyo hiyo ilinde vyombo vilivyotolewa nje. Mabaki yasifukuliwe kabla polisi na zimamoto hawajaangalia chanzo.

Mvua zetu hukoma karibu Aprili na Mei, na kuanzia Agosti upepo na uchomaji wa mashamba hukutana. Ombeni ajenda moja kwenye mkutano ujao wa mtaa au kitongoji: majina 12, nani ana ngazi, nani ana simtanki, banda lipi libomolewe siku ikifika. Siku hiyo hiyo pangeni mistari miwili ya ndoo kutoka kisimani hadi kwa mwenyekiti, mjipime mnachukua dakika ngapi. Na kila simu iliyopo mkutanoni iandikwe namba 114 kabla watu hawajatawanyika.